Sebule Yenye Patente

Aliyenipa habari ya kifo chake ni mtoza kodi. Alinipigia simu Jumanne asubuhi, nami nilipoona jina lake kwenye simu nikajiuliza nimesahau malipo gani tena. Kumbe hakuwa na shida ya malipo. "Papa, Mama wa Mikate ametuacha," akasema, na nikasikia kabisa kwamba mtu mzima yule analia. Nimezika watu wengi katika mji huu wa Uvira, lakini sijawahi kusikia mtoza kodi akimlilia mlipa kodi wake. Kwa kawaida wanaolia ni sisi. Nikakaa kitini, nikalia kidogo nami, halafu, Mungu anisamehe, nikacheka, kwa sababu nilijua kwamba marehemu mwenyewe angelicheka mpaka ashike ukuta.

Wasomaji wa upande wa Nyamianda hawahitaji kuelezwa. Ninyi wengine niwajulishe: alikuwa mjane wa miaka sitini na kidogo, mzaliwa wa Luvungi, mwenye tanuri ya matofali nyuma ya nyumba na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara bila kusimama. Mikate yake iliwasomesha watoto wake, na ilitulisha sisi wengine wakati wa mafuriko na wakati wa kila aina ya kukimbia na kurudi ambayo mji huu umeiona. Siwezi kujidai kwamba nilikuwa rafiki yake. Nilikuwa mteja wake, naye alikuwa mteja wangu, maana malipo ya kuandika safu hii gazetini hayamshibishi hata paka, na kwa miaka mingi nimekuwa na mashine ya fotokopi na kompyuta nyumbani, nawaandikia watu barua zao za maombi. Barua yake ya kwanza aliyoniagiza ilikuwa ya kuomba patente, ile karatasi ya ruhusa ambayo mfanyabiashara mdogo anailipia kila mwaka.

Majirani walimshangaa sana. Katika mitaa yetu kila nyumba ya pili ina biashara: huku wanapika sabuni, kule wanashona, pale wanauza ndagala, dagaa wa ziwa letu, na wote wanaishi kwa imani moja, kwamba ukijiandikisha tu, serikali imekujua, na ikikujua umekwisha. Nilikuwepo siku jirani yake mshonaji alipomwonya. "Mama, unajipeleka mwenyewe! Nani alikuita?" Naye akajibu huku mikono imejaa unga: "Banatujua tayari. Moshi ya tanuri yangu inaonekana tangu kule mu ziwa. Sasa minye nijifiche wapi? Weye utanificha?" Akaenda. Alizungushwa siku tatu, akaambiwa arudi, akarudi, akalipa, akapewa karatasi. Furaha aliyokuwa nayo siku ile ningemtakia kila msomaji.

Furaha hiyo ndiyo iliyomponza. Ninyi mnatujua watu wa hapa: karatasi yoyote yenye muhuri hatuiachi uchi. Cheti cha ubatizo, diploma ya mtoto, kadi ya kura, vyote vinapelekwa kwa mpiga picha vikafunikwe plastiki ngumu pande zote mbili, ili panya na mvua vikose pa kuingilia. Mama wa Mikate akafanya hivyo hivyo, akaitundika patente yake ukutani sebuleni, kati ya picha ya mume wake na ya Bikira Maria. Mwaka ukaisha. Akaja kijana wa kodi, huyu huyu aliyenipigia simu, wakati huo mgeni kazini, na kazi yake ilikuwa kugonga muhuri wa mwaka mpya, yaani kashe, juu ya karatasi ile. Akagonga. Wino ukateleza. Akagonga tena, ukateleza mpaka kwenye kitambaa cha meza. "Mama, kashe itashika wapi?" akauliza. "Aa, Papa, minye nilifunika juu ya panya. Kama nyinyi muko na kashe ya kila mwaka, mbona hamukusema?" Ikabidi waikate plastiki kwa wembe, polepole, yeye ameshika upande huu akisali kwa sauti, kijana ameshika upande ule anatoka jasho. Walipomaliza bila kuichana, wakanywa chai na mkate wa moto. Tangu siku hiyo kijana hakupita mtaa ule bila kumsalimia.

Karatasi ile ilimpa kitu ambacho sikukitegemea. Sote tunajua kwamba si kila anayekuja na begi na daftari ametumwa na serikali. Wengine wamejituma wenyewe. Zamani wakimjia alikuwa anawapa mkate ili waondoke. Baada ya kupata patente aliwakaribisha kiti, akawaonyesha ukuta, akasema kwa heshima zote: "Hiyo ni yangu. Sasa na nyinyi munionyeshe yenu. Karatasi ya kazi iko wapi? Na risiti mutaniandikia?" Niliwaona wawili wakikumbuka ghafla kwamba wana haraka ya kufika mbali kule Kamanyola.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo mimi nilikuwa shahidi wake na, nikisema ukweli, mshiriki pia. Majirani zake wanne, yaani mama wa sabuni, mshonaji, mama wa ndagala na mama mmoja mpika kasiksi, pombe yetu ya ndizi, walikuwa wamefikia uamuzi wao wenyewe kuhusu sheria. Waliona kwamba nyumba ile haisumbuliwi. Wakajiambia kwamba patente inalinda nyumba kama bati linavyolinda na mvua: chochote kilicho chini yake kiko halali. Basi wakiona tu watu wa kodi wameingia kwenye avenyu, mmoja anapiga sufuria, na wote wanabeba mali zao kupitia nyua za nyuma, wanaziingiza sebuleni kwa Mama wa Mikate. Yeye hakuwahi kuwakatalia. Siku ya jambo hilo nilikuwa nimepeleka fotokopi zake, sufuria ikalia, na kabla sijaelewa nikajikuta nimeshika upande mmoja wa cherehani.

Waliingia wawili, kijana wetu na mkubwa wake, bwana mwembamba ambaye sidhani kama alikuwa na meno, kwa sababu sikuwahi kuyaona. Mkubwa akasoma patente ukutani, akageuka, akaitazama sebule.

"Mama, patente yako inasema mikate."

"Ndiyo, Papa. Mikate."

"Na hii sabuni?"

"Ya kunawa mikono. Muntu wa mikate anapashwa kuwa safi."

"Sanduku tatu?"

"Mikono yangu iko mikubwa."

"Na cherehani?"

"Ya kushona mifuko ya unga. Panya banaipasua."

"Na hizi ndagala?"

"Chakula ya mchana."

"Vikapu vinne, Mama?"

"Niko na wageni," akasema, akaninyooshea mkono mimi. Nikainamisha kichwa kama mtu mwenye njaa.

Ndipo yule bwana akafunua kitambaa kilichofunika madumu pembeni, na harufu ya kasiksi ikajaza chumba. "Na hii?" Mama wa Mikate akanitazama mimi, akamtazama Bikira Maria, akakosa msaada kwetu sote wawili. "Hiyo," akasema, "ni ya kupokea nyinyi." Kijana akacheka mpaka akakaa juu ya sanduku la sabuni. Mkubwa wake hakucheka. Akasema kwa sauti ya chini kwamba hapa kuna kazi tano chini ya ruhusa ya kazi moja, na kwamba Ijumaa atarudi kuifunga tanuri. "Ama useme hivi vitu ni vya nani. Ukisema, tanuri yako inabaki." Akina mama wanne walikuwa wamesimama kwenye mlango wa nyuma, wamekauka. Tanuri ile ilikuwa uhai wake wote, hakuwa na shamba, hakuwa na mume, hakuwa na kingine. Akawatazama, akamrudia yule bwana, akasema: "Viko vyangu."

Nimewaza sana juu ya neno lile. Sisi tunaofanya kazi majumbani kwetu tumejifunza kuita kazi yetu jina lolote isipokuwa kazi. Ukiuliza, utaambiwa ni ka shughuli tu, ni ya kusaidia watoto, ni ya kungojea kazi yenyewe. Kidogo ni woga wa kodi, na woga huo siucheki, maana meza za kulipia ni nyingi na asiye na haya kwenye meza moja anaweza kukumaliza. Lakini kidogo pia ni aibu, kana kwamba kinachofanyika karibu na jiko hakiwezi kuwa na jina kwenye karatasi. Na kazi isiyo na jina haina wa kuitetea. Wakikunyang'anya cherehani, utalalamika wapi, na wewe hukuwahi kusema kwamba unashona? Ukitaka mkopo, utaonyesha nini? Ukitaka kupanuka, kutoka patente mpaka rejista ya biashara na namba ya kodi, ngazi ya kwanza iko wapi? Hasira yangu, na ninayo bado, inazihusu pande zote mbili: wale wanaoifanya karatasi iwe ngumu kuipata, na sisi tunaoona ujanja katika kuikimbia.

Jioni ile aliwaita wale wanne, akawakalisha. "Minye nimejifunga juu yenu," akasema. "Ijumaa saa mbili tunaenda buro ya kodi, wote. Kila mutu na barua yake." Wakalia, wakaapa kwamba hawatathubutu. Mama wa kasiksi akauliza: "Na kama banatukataa?" "Bakitukataa, tutakuwa tumekataliwa mchana, mbele ya batu. Sitaki tena kuwaona chini ya meza yangu kama kuku." Nikaandika barua nne, bila malipo, na nilijisikia mtu mwema sana.

Ijumaa alifika wa kwanza, amevaa kitenge cha kanisani. Saa mbili hakuna mtu. Saa mbili na nusu hakuna mtu. Mkubwa asiye na meno akatazama saa yake, akachukua kofia. Nilimtazama Mama wa Mikate, na kwa mara ya kwanza nikamwona mzee. Kisha akaja mama wa sabuni, amelowa jasho, nyuma yake mama wa ndagala, halafu mshonaji akigombana na mtu wa pikipiki, na mwisho kabisa mama wa kasiksi, aliyekuwa amezunguka jengo mara tatu akitafuta moyo. Kila mmoja akasimama akaitaja kazi yake kwa sauti. Wa kasiksi alinong'ona, akaambiwa arudie, akarudia mpaka dirishani watu wakageuka. Akaambiwa aende kwanza kwa wakaguzi wa usafi, lakini jina lake likaandikwa. Mkubwa akafunga daftari. Tanuri inabaki, akasema. Halafu, kwa bahati mbaya, akaongeza: "Kuna mwingine?"

Nilikuwa nimeshaanza kutembea kuelekea mlangoni. "Iko mumoja," akasema Mama wa Mikate. "Huyu Papa anayetuandikia. Iko na mashine ya fotokopi mu salo yake, miaka na miaka. Karatasi hana." Buro nzima ikanitazama. Mimi, niliyewahi kuwahubiria katika safu hii juu ya wajibu wa raia! Nilijaza fomu, na akina mama wale watano wakinisahihisha. Njiani nikamlaumu, nikamwambia amenisaliti. "Wale banne nilibaficha juu walikuwa na woga," akajibu. "Weye huna woga. Weye una kiburi tu." Sikusema naye siku mbili. Siku ya tatu nikahitaji mkate.

Ugonjwa ulimchukua kwa siku chache. Wiki moja baada ya maziko, binti yake mkubwa alikuja kwangu, macho bado mekundu, anataka barua ya kuandikisha tanuri kwa jina lake mwenyewe, maana patente ya mtu haiendelei kufanya kazi baada yake. Hakuna aliyemsukuma. Nikavuta kiti, nikawasha kompyuta. Yeye akabaki amesimama, akizungusha macho kwenye kuta zangu. "Samahani, Papa," akasema. "Mbele ya kuanza, patente yako ni ya mwaka huu?" Nikaitoa, akaisoma mpaka chini kwenye muhuri, ndipo akakaa.

Ndugu msomaji, kama nyuma ya pazia la sebule yako kuna kitu unakikanda, unakishona au unakichemsha, jiulize ni nani atakayekitetea siku wakija. Nenda ukajitaje mwenyewe, kwa sauti yako, na jina la kazi yako. Mimi nilingoja mpaka jirani akanitaja.