Zamu ya Maji ya Papa Neema

Siku yangu ya kwanza katika huduma ya afya ya akili, daktari mkuu alininyang'anya sinia la sindano. Nilikuwa muuguzi mwenye mikono myepesi, nimesomea Bukavu kabla familia yetu haijarudi Rwanda, na katika hospitali ile ya mlimani, upande wa Mibirizi, nilijivunia kupata mshipa hata wa mtoto mchanga. Daktari aliweka sinia juu ya kabati, akavuta viti viwili.

"Hapa utatumika na masikio," alisema. "Na usikimbilie kutuliza muntu. Ukimuambia 'vumilia, itapita', umemufungia mulango."

Kazi yetu iliitwa tiba ya mazungumzo. Ninyi vijana mnaoifanya leo mna vyumba vyenye pazia. Sisi tulikuwa na benchi nyuma ya jiko la wagonjwa. Wengi waliokuja walikuwa na sonona, ile huzuni isiyoondoka, inayokula usingizi, hamu ya chakula na hata hamu ya kuoga. Hawakusema wana huzuni. Walisema kichwa kinawaka, mgongo mzito. Wengine tuliwapa dawa pia, na dawa iliwasaidia, lakini kuna jambo ambalo kidonge hakiwezi kuuliza.

Baadaye nilihamishiwa bondeni, kituo cha afya huko Muganza, ambako malori ya saruji yalipita mchana kutwa na vumbi likatua kwenye madirisha yetu. Mkuu wa kituo, tuliyemwita Titulaire, alikuwa mama mkali wa maneno machache. Huko ndiko nilikompokea Papa Neema, yaani baba yake Neema.

Alikuwa mchimba mawe, na kando ya hapo alilima kipande cha mpunga. Hakufiwa, hakufukuzwa kazi. Alizimika tu. Mkewe, aliyevuka mpaka kila siku kuuza nyanya Bukavu, ndiye aliyemleta akimshika mkono.

"Uko aje, Papa?"

"Niko bien, Maman."

Tulikaa na hiyo "bien" yake, yaani mzima, wiki baada ya wiki. Siku moja nilimuuliza waziwazi, kama daktari mkuu alivyonifundisha, maana kuuliza hakumpandii mtu wazo asilokuwa nalo.

"Papa, unawazaka kufa?"

Alitazama miguu yake. "Kila asubui."

Siku hiyohiyo tulipanga na mkewe kwamba asibaki peke yake, tukampeleka hospitalini kwa daktari aanzishiwe dawa. Nami sikuyaacha mazungumzo yetu. Ndipo aliponiambia neno ambalo sijalisahau.

"Majirani banalima shamba yangu. Banafungulia mupunga maji. Ni batu bazuri, Maman. Lakini naona inaota bila miye. Nawaza batoto nabo bataota bila miye."

Kwetu mgonjwa hashiki jembe. Majirani hulishika kwa ajili yake, na huo ni utu. Ila kwa mgonjwa huyu, kila jembe la jirani lilimwambia hahitajiki. Katika tiba yetu kuna hatua ya kumrudisha mtu kwenye tendo moja dogo analolichagua mwenyewe, bila kungoja hamu. Miguu hutangulia, hamu hufuata. Papa Neema alichagua kufungua maji ya mfereji zamu yake itakapofika. Basi niliwaendea majirani, nikawaomba wasimfungulie.

Maman Neema alinijia kituoni amekasirika. "Ile mupunga njo chakula ya batoto. Uko muganga ao uko adui?"

Titulaire alisikia yote. "Ni yeye mwenyewe alichagua?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Basi ngoja. Lakini ngojea kwake, hapana hapa mu biro."

Zamu ya kwanza hakutoka kitandani. Mpunga ukaanza kuwa wa njano, nami niliogopa, nakiri. Zamu iliyofuata nilikaa uani na mkewe. Jua lilipopanda alitoka peku, jembe begani, akapita mbele yetu kama asiyetuona. Majirani walisimama tutani, mikono nyuma, wakiteseka kwa kutosaidia. Akakata tope kwenye mdomo wa mfereji. Maji yakaingia. Aliketi tutani akalia, nasi tukamwacha alie.

Hakupona siku hiyo. Alianguka tena, tukaanza tena, na ilichukua muda mrefu kabla hajarudi machimboni. Lakini tangu hapo zamu yake hakuna aliyeigusa.

Nilistaafu nikidhani kazi hii naijua. Kisha mume wangu akafa. Majirani wakaja na majembe yao, wakanilimia migomba, wakaniambia nivumilie, nami nikajifunika blanketi. Jina la ugonjwa nililijua vizuri, na kulijua hakukuninyanyua.

Papa Neema alipanda kilima kuja kuniona, sasa ni mzee mwenye mvi. Hakunipa pole. Alivuta kiti, akaketi.

"Maman," akasema, "unawazaka kufa?"

Nilitaka kusema niko bien. Nikamwambia ukweli.

Aliitikia kwa kichwa. Akamwita binti yangu, wakanong'ona mlangoni jinsi watakavyonipeleka kwa daktari. Kisha akatafuta jembe langu, akaliegemeza ukutani karibu na kitanda, mahali ambapo mkono wangu ungelifikia, akarudi kukaa kungoja.