Kamba Iliyo Ndani ya Mgongo wa Tata

Wasomaji wangu, nisameheni mwandiko huu uliolala na maneno nitakayoyakosea. Niliishia darasa la saba, na barua moja hunichukua siku mbili.

Harufu ya nyasi mbichi za kuezekea naikimbia hadi leo. Mwaka ule tulipohamia kijiji cha ujamaa, upande wa Kanazi, wanaume walijenga ghala la kahawa kila Jumamosi, nasi wasichana wa darasa la sita tuliwabebea nyasi. Tata, yaani baba yangu, alikuwa juu ya paa. Nilisikia ufito ukikatika, kisha kishindo. Alilala chali, macho wazi, akauliza kwa sauti ndogo, "Miguu yangu iko wapi?"

Wiki ileile mwalimu wa sayansi alikuwa amekata vipande vya mwanzi na kupitisha kamba ya mgomba ndani yake. Mgongo uko hivi, alisema: vipande ni mifupa, kamba ni uti unaoshuka kutoka kwenye ubongo, nao hutoa nyuzi nyembamba, neva, hadi vidoleni. Ukikanyaga mwiba, habari hupanda. Ubongo ukiuamuru mguu, amri hushuka. Kisha akaukunja mgongo wake wa mwanzi, na ukingo wa kipande kimoja ukaisaga kamba. "Hii ikikatika, hatuungi."

Sasa wanaume walileta engozi, machela ya kusuka tunayobebea wagonjwa. Engozi hulegea katikati, mgonjwa hujikunja ndani yake. Wawili walikwisha kumshika Tata mabegani ili wamkalishe. Kwetu msichana haingilii maneno ya wazee, na mimi hata kanisani niliitikia sala kimoyomoyo. Nilipoona kichwa chake kinainuliwa, nilipiga kelele, "Msimkunje! Kamba itakatika!"

Mwenyekiti wa kijiji akanigeukia. "Kamba gani? Nani kakuita, binti?"

"Ya mgongoni, waitu," nikamjibu kwa neno letu la heshima. "Mwalimu alituonyesha. Abebwe kwenye kitu kisichopinda."

"Kitu gani? Ubao wa darasani?"

"Omuvure wangu upo," akasema jirani yetu Kamugisha. Huo ni mti mzima uliochongwa kama mtumbwi, ambamo wanaume hukanyaga ndizi za rubisi, pombe yetu.

"Atafika zahanati amelewa!" mmoja akadakia. Mwenyekiti akaamuru uletwe.

Walitandika majani makavu ya migomba ndani mpaka yakawa sawa, wakamtelezesha Tata mikono yote kwa pamoja. Wanaume wanane walimbeba. Nilitembea kando nikimfinya kidole cha mguu. "Wasikia, Tata?" Hakusikia. Tulipanda kilima kizima, bado hakusikia. Zahanatini, mganga alimchoma unyayo wa kushoto kwa sindano, haukutikisika. Alipochoma wa kulia, kidole kilishtuka. "Mngemkalisha," akawaambia, "hata huu ungekwenda."

Leo mtu akianguka kijijini kwetu, watu huitisha omuvure kabla ya engozi. Mimi bado ni mwoga wa kusema. Tata hutembea kwa fimbo, mguu wa kushoto akiuburuta. Juzi alikanyaga kaa la moto kwa mguu huo, hakujua mpaka mama alipopiga yowe. Kila mara huniuliza, "Koku, wewe uliyesoma, kamba hiyo itaota tena?" Sijawahi kumjibu. Msomaji unayejua, niandikie, hata kama jibu ni hapana. Nitamsomea mwenyewe, kwa sauti.