Trekta Halizimwi Njiani

Mume wangu Hamdani, mtu wa Ujiji kwa baba na kwa mama, alikuwa mbishi, na ubishi wake wote aliupeleka kwenye trekta. Mwaka wa tisini na sita lilikodiwa kubeba wakimbizi wa Burundi kutoka ufukweni Ilagala hadi kituo cha Kigoma. Halikuwa na paa. Mwezi wa tisa jua linamchoma utosini, injini inamchoma magotini, na bado ukimpa pole anakwambia yeye si maziwa, hagandi.

Sheria yake ilikuwa moja: trekta halizimwi njiani. Likizimwa likiwa na moto haliwaki tena mpaka jioni, na watu wanakaangika kwenye tela. Mwenye shida agonge bati, aliwaambia abiria wake kila safari.

Siku moja, kwenye tela nyuma yake, mwanamke aitwaye Kabura alishikwa na uchungu wa kuzaa. Hakuna aliyegonga. Kwao mwanamke anayejifungua hapigi kelele, na jambo lenyewe halitangazwi kwa mwanamume mgeni. Hamdani aligeuka akaona wanawake wamesimama duara, wameshika vitenge. Akadhani wanajikinga jua.

"Na mimi nishikieni kimoja!" akawatania.

Hawakucheka. Alishangaa, akaendelea.

Katikati ya safari rejeta ilichemka. Akasimama huku injini ikinguruma, akachukua dumu lake la maji. Mama mkwe wa Kabura, bibi Nyabenda, akashuka na bakuli.

"Mwanangu, amazi. Maji kidogo."

"Chukua, mama, lakini bakuli moja tu. Mengine ni ya trekta. Kuna mgonjwa?"

Bibi akainamisha macho. "Ni jua tu, mwanangu."

Hamdani akamimina maji yote yaliyobaki kwenye rejeta.

Walipofika Kigoma, Nyabenda alishuka na kichanga kinacholia. Kisha wanaume wanne wakamshusha Kabura ndani ya blanketi, uso umefunikwa. Damu ilikuwa imemtoka njia nzima.

"Mbona hamkugonga?" Hamdani aliuliza. "Mbona hamkugonga?"

Nyabenda akapiga magoti, akampigia makofi taratibu, kama wanavyoshukuru watu wa Burundi. Wenzake wote wakafuata.

Alirudi nyumbani akaketi sakafuni bila hata kunawa.

"Safina, wananishukuru au wananisuta? Bibi anasema yale maji ndiyo waliyomwogeshea mtoto. Ananishukuru kwa bakuli moja!"

Mimi, ambaye mdomo wangu unajulikana Ujiji nzima, nikamletea tu maji ya kunawa. Nilimkasirikia, nikamhurumia, nikawakasirikia na wale wanawake kwa ukimya wao, kisha nikaona haya.

"Wangeniambia, ningezima," akasema. "Si ningezima, Safina?"

Nilikuwa nimeishi naye miaka kumi na tisa. Sikujua.