Samaki Wake Aliwachagua Mwenyewe

Mume wangu alikuwa mpishi wa mzungu mmoja wa kahawa huko Mbozi, zamani za Mwingereza. Mzungu alipohama akamwachia sanduku la vioo la kufugia samaki, dogo tu, ungelibeba kwapani. Basi wee! Kila Jumapili tukitoka kanisani, yeye huyo mbio mtoni na kikapu. Anawavua wale samaki wa jamii ya perege, wadogo kama kidole, anawatia kwenye bilauri na kuwainua juani mmoja mmoja. Huyu pezi limechanika, rudi. Huyu atakua mkubwa awapige wenzake, sanduku dogo hili, rudi. Huyu mwenye buluu shavuni, haya, twende nyumbani.

Mimi nimekaa kwenye jiwe, wivu unanichemka kama togwa. Maana mimi hakunichagua yeye, alinichagua shangazi yake!

Nikamwambia, "Wewe bwana, samaki unamgeuza hivyo, mimi uliletewa tu kama kifurushi!"

Akacheka. "Nani kakwambia? Shangazi alinionyesha wasichana wawili kisimani kwenu Itaka. Nikasema, nataka yule anayecheka kwa sauti."

Jamani, nilifurahi! Nikashika bilauri nimsaidie. Halafu ikanijia: wawili?

"Na huyo wa pili ni nani?"

Akainamia maji kama hakusikia. Hakumtaja mpaka anaingia kaburini. Na mimi mpaka leo, bibi yeyote wa Itaka wa rika langu akinisalimia, kwanza namkagua mapezi.