Orodha ya Wasiojua Wanaimba

Utasema nimetunga. Sawa, sema, ila mimi pombe sinywi, na jambo lenyewe lilinikuta saa nne asubuhi, stendi ya Makambako imejaa watu.

Kazi yangu ni kuingiza nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Humo nimegundua kitu: watu huimba bila kujua. Dereva akisubiri abiria, mama akichagua viazi, wote wanaimbia puani, na ukiwauliza watakana. Basi nikawa nawarekodi kimyakimya kwa simu, natafuta nyimbo zenyewe, nazipanga kwenye orodha moja. Nikaiita Bila Kujua. Madereva waliipenda kweli.

Wakati huo baba yangu alikuwa anakwisha. Mama alifariki, na kama desturi ya kwetu, redio ikazimwa mpaka msiba uishe. Msiba ukaisha, baba hakuiwasha tena. Alikaa peke yake mtaa wa Ramadhani, pale Njombe mjini, haongei, chakula anaonja na kusukuma sahani. Kila Jumapili nilipokwenda, suruali ilikuwa imezidi kumpwaya. Niliogopa, sikufichi.

Sasa asubuhi hiyo, ukungu mzito, akaingia kibandani kwangu dada mmoja aliyejifunga kitenge mpaka kidevuni, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi. Miaka ishirini na tano sidhani kama alikuwa ameifikisha. Akanipa flashi.

"Kaka, naomba ile Bila Kujua. Mume wangu amebaki peke yake, nyumba imepoa."

Nikaichomeka. Akakaa, akashika sikio lake la kushoto, akaanza kuimbia puani wimbo usio na maneno. Niamini, sijawahi kusikia kitu kitamu vile. Nikarekodi. Halafu nikafanya kosa.

"Dada, huo wimbo gani?"

Akanyamaza, akaziba mdomo kwa mkono, akacheka kwa aibu. Nikainama kuchomoa flashi. Kuinua uso, kiti kitupu. Nikamuuliza muuza chai wa mlangoni dada yule amepita wapi.

"Dada yupi? Mbona tangu asubuhi uko peke yako?"

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi niliuongeza ule wimbo mwisho wa orodha, na Jumapili nikampelekea baba. Nilimkuta jikoni anachambua maharage. Hata salamu yangu ya "kamwene" aliijibu kwa kichwa. Nikafuta vumbi kwenye redio yake, nikachomeka flashi. Nyimbo zikapita, hakuinua uso. Ulipofika ule wa mwisho, mikono yake ikasimama. Sauti yangu ikasikika ikiuliza, kisha kimya.

"Hapo ungenyamaza, mwanangu," akasema. "Alikuwa ameshika sikio?"

"La kushoto."

Baba akalia. Akaniambia mama aliuimba wimbo huo tangu mwaka walipooana, ameshika sikio, mawazo yake yakiwa mbali, wala hakujua kama anaimba. Sisi watoto tukiingia, aliacha. Baba alimuuliza mara moja tu, mama akaona aibu, na wimbo haukusikika tena mwaka mzima. Hakumuuliza tena maisha yao yote.

Jioni hiyo alikula ugali wote, akaomba mboga nyingine. Siku hizi anaongea, na redio inawaka. Akipika peke yake anauimba wimbo ule, naye hajui. Mimi husimama nje ya mlango, machozi yananitoka, sigusi hata kitasa.

Nawe ukimsikia mtu wako anaimba bila kujua, tafadhali usimuulize. Mimi niliuliza, na mama yangu akaondoka hata shikamoo sijampa.