Sombe Ndani ya Bakuli la Mkono Mmoja

Hadi leo nikiona vyombo vya kizungu vimepangwa chini pale sokoni Yeoville, uso unaniwaka, na ninyi mnaonijua mnajua uso wangu hauwaki ovyo.

Kosa lilikuwa dogo. Sokoni niliona bakuli kubwa jeupe, la kizamani, lina maua ya buluu, kifuniko, na mkono mmoja kama wa kikombe. Sikuuliza ni la nini (ukiuliza, muuzaji anajua wewe mgeni wa bidhaa, bei inapanda, hiyo ni sheria yangu tangu Lubumbashi). Nililiponda tu kwa maneno mpaka akaniachia kwa bei rahisi.

Jumapili yake akaja Kamau, Mkenya anayefundisha chuo kikuu huko Braamfontein, na shangazi yake, kumposa binti yangu Furaha. Nikapakua humo sombe, kisamvu chetu cha kwetu Lubumbashi, nikaweka katikati ya meza, shangazi akalisifu bakuli, nami nikavimba.

Sasa mimi mtu wa biashara, lazima nijue mkwe anakula wapi. "Papa Kamau, unafundisha nini hasa?"

"Miji ya mwanzo ya Amerika, Mama. Tunachimba mashimo ya vyoo vyao, maana humo walitupa kila kitu: sahani, mifupa, viko vya tumbaku. Mtu alijifanya hanywi, chupa zake tunazikuta chooni."

"Eish! Binti yangu aolewe na takataka za wafu? Hebu tuone picha."

Akazipitisha kwenye simu, sahani, viko, mifupa ya nguruwe, halafu moja akairuka haraka mno. Jicho langu la sokoni haliibiwi.

"Rudisha hiyo!"

"Hiyo si muhimu, Mama."

"Rudisha!" Akarudisha: bakuli kama langu, na mkono wake mmoja! Nikapiga makofi. "Shangazi, tazama, hata wao walikuwa nalo! Walipakulia nini?"

Kamau akainamisha kichwa. "Lilikaa chini ya kitanda, Mama. Usiku. Badala ya kutoka nje kwenda chooni."

Kijiko cha shangazi kikabaki hewani, nami nikaiona posa yote inaelekea mlangoni.

"Kamau, ulijua?" shangazi akauliza.

"Tangu nilipoona kile kifuniko, shangazi."

"Na ukala?"

"Nimeongeza mara mbili. Namtaka Furaha."

Shangazi akakitia kijiko kinywani, akameza. Posa ikapita.

Nimeapa: siku hizi nauliza kwanza, bei ipande hadi darini. Bakuli nilitaka kulifukia nyuma ya nyumba, Furaha akalishika jembe.

"Mama, usithubutu! Siku moja akina Kamau watakuja kulichimba, walikute na sombe."