Televisheni Imelala

Binti yetu alipokaribia miaka minne, televisheni ilikuwa imeshamchukua mzimamzima, ikatuachia nguo tu za kufua.

Mimi ni fundi makochi hapa Ng'ambo, na karakana yangu iko uani, chini ya dirisha la sebule. Mke wangu anauza vitenge sokoni, anatoka asubuhi na kurudi jua likishapungua makali. Kwa hiyo mlezi wa mchana ni mimi, na msaidizi wangu alikuwa katuni. Mtoto aliamka na katuni, akanywa uji na katuni, na uji wenyewe uliganda mpaka ningeweza kugundishia sponji.

Mke wangu akirudi alikuwa na swali moja.

"Imewaka tangu saa ngapi?"

"Sasa hivi tu."

"Mbona mgongo wake una moto kama mkate?"

Aliushika mgongo wa televisheni kama anapima homa, na mimi, na kidato changu cha nne cha masomo ya jioni, nilichokipata nikiwa na ndevu, nikasema ni jua la dirishani. Tukagombana. Haukuwa ugomvi wa kuita majirani. Majirani walikuja wenyewe. Na kesho yake tena, na keshokutwa, huku mtoto amekaa katikati yetu anaangalia katuni.

Nikaamua kuficha rimoti. Niliichomeka ndani ya kochi la mteja, nikasahau, nikalishonea, na kochi likaenda Nzega. Mtoto akawasha kwa kidole.

Ndipo nikakikumbuka kitambaa. Mama yangu, anayeishi Kwihara, alitufumia kwa uzi mweupe tulipooana, maalumu kwa televisheni ambayo bado hatukuwa nayo. Nikaifunika, nikamwambia binti yangu kwa sauti ya chini, "Imelala. Imechoka sana. Usiiamshe."

Akaitazama, akanitazama, akatoka kwenda kucheza na vipande vya sponji.

Nilijiona nimegundua dawa. Nilimsimulia kila mteja, na kufikia Ijumaa nadhani nusu ya Ng'ambo walikuwa wameshafunika televisheni zao, na nusu nyingine walikuwa wanatafuta uzi. Mke wangu aliugusa ule mgongo, akaukuta wa baridi, akacheka. Ugomvi ukaisha. Nyumba ikatulia.

Ikatulia mno. Mtoto huyu alikuwa na sauti ya kusimamisha treni ya Kigoma, lakini sasa nilimuita akaja kimya, nikamuuliza akatikisa kichwa. Aliomba maji kwa kunivuta shati. Siku moja nilikuwa nagonga misumari, akaja mbio, akaushika mkono wangu wenye nyundo, akaweka kidole mdomoni.

"Kichwa kinakuuma?"

Akakataa kwa kichwa, akarudi ndani akinyata.

Usiniulize nilivyokuwa siku zile. Wapagazi wa zamani walipita hapa wakaenda pwani kwa miguu. Mimi safari hiyo niliimaliza kati ya karakana na dirisha, kwenda kuchungulia na kurudi. Nilimmulika koo kwa tochi. Nilishona kochi moja kitambaa kikiwa ndani nje. Nilijiambia katuni zimemla sauti, nimechelewa kuzizima, binti yangu hatasema tena mpaka aolewe.

"Amekuwa na adabu tu," nilimwambia mke wangu.

"Adabu gani ya kunong'ona kama anauza magendo?" akasema. "Jumatatu tunampeleka hospitali."

Jumapili mama yangu akaja kutoka Kwihara na mfuko wa michembe, viazi vyake vya kukausha. Alipiga hodi ya kuamsha mtaa. Mtoto akamkimbilia, akasema shikamoo ambayo hata mimi niliyesimama karibu niliiona tu mdomoni.

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona leo salamu umenipimia kwa kijiko?"

Mtoto akamshika mkono, akampeleka mbele ya televisheni, akamwonyesha kitambaa. Nikasogea ili nisikie.

"Imelala, bibi," akanong'ona. "Ikiamka, baba na mama watagombana."

Mama akanigeukia. Nilikaa kwenye kochi ambalo bado halina sponji, mbao zikaniumiza, nikaziacha ziniumize.

"Iamshe, mwanangu," akasema.

Nikakivuta kitambaa, nikawasha. Mtoto akaziba masikio, akaukazia macho mlango wa chumbani, kwa sababu mama yake alikuwa anatoka. Mke wangu akasimama. Mama akamweleza, kwa maneno machache kuliko haya yangu. Nilisubiri aushike ule mgongo. Hakuushika. Alikaa sakafuni kando ya binti yake.

"Huyu sungura anataka nini?"

Mtoto akanong'ona kitu.

"Sisikii."

"Si sungura."

"Mimi naona sungura."

"Ana masikio marefu kweli," nikadakia, "sungura huyo."

"Ni punda," akasema mtoto, na kwa mara ya kwanza wiki ile sauti ikatoka na mwili wake wote. "Baba, ni punda. Nyie hamjui kuangalia."

Hatukujua, ni kweli. Akatufundisha mpaka katuni ikaisha. Nikamweleza kwamba televisheni hailali wala haiamki, tunaizima tu. Akaifunika mwenyewe, akasimama kando yake, akapiga ukelele mmoja wa kuijaribu. Michembe ikamwagika mkononi mwa mama yangu.

Siku hizi tunaangalia katuni moja pamoja, jioni, mke wangu akirudi. Mchana kitambaa kiko juu, na mimi ndiye sina utulivu. Sebule ikiwa kimya naacha msumari nusu njia, nanyoosha shingo kwenye dirisha.

"Upo?"

"Nipo, baba," ananijibu, na nadhani hata kule Urambo wanamsikia. "Gonga tu."